Ukuta wa Deo

Habari za kifo cha Deo zilinifikia asubuhi nikiwa nakunywa chai, na jambo la kwanza nililofanya baada ya kukata simu lilikuwa kumpigia fundi cherehani. Nilimwambia anishonee gauni la kitenge kabla ya keshokutwa, na kitambaa asikibanie. Akaniuliza kama nina harusi. Nikamwambia nina mazishi. Akasema pole, mama, nami sikumsahihisha. Watu wa umri wangu husema wamesamehe, na wengi wao wamechoka tu. Mimi sijachoka. Nilipanda gari kutoka Muleba hadi Bukoba, nikashuka Nshambya, nikapita kwenye migomba mpaka pale kaburi lilipochimbwa nyuma ya nyumba yake, nikasimama mahali ninapoweza kuona vizuri. Waliposhusha jeneza nilihesabu kamba, nikatazama udongo ukiingia, na nilipoona umejaa nikajiambia, haya, huyo amekwenda. Padri alisema marehemu alikuwa fundi mwenye mikono ya neema. Hapo ndipo nilipolazimika kuinama kana kwamba nalia.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala nililelewa na nani. Mwaka ninaoukumbuka ulianzia kwenye banda la mabati pale Miembeni, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, nikiwa na cheti cha ufundi makanika mkononi, mwanamke peke yangu katika gereji ya mafundi sita wa kiume. Banda lile lilikuwa na harufu ya petroli, matairi na maharage, kwa sababu mama lishe alipika upande wa pili wa ukuta na moshi wake uliingia kwetu. Saa saba tulikaa kwenye viti vya gari vilivyong'olewa, tukala ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwenye sahani za bati huku tukizungumza habari za injini, wake za watu na mpira. Aliyezungumza zaidi alikuwa Deo. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mwembamba, shati lake safi hata jioni, na alikuwa na namna ya kumwambia mteja habari mbaya hata mteja akamshukuru. Ndiye fundi mkuu. Ndiye pia aliyenifundisha kuweka bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, ili nisikie ni silinda ipi inayolalamika. Alinifundisha kwa uvumilivu, miezi minne, na aliniita mdogo wangu. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yanayafanya yaliyofuata kuwa mabaya zaidi. Mtu asiyekufundisha kitu hawezi kukuumiza kwa namna ile.

Deo alikuwa na alama yake. Kila skrubu aliyoifunga kwenye kabureta aliipaka tone la rangi ya kucha, nyekundu, chupa ndogo aliyoichukua kwa mkewe. Alisema inazuia skrubu kulegea. Ukweli ni kwamba aliipenda ile rangi. Alipenda mteja afungue boneti aone madoa mekundu, ajue gari lake limepita kwa nani. "Hata likizama ziwani," alituambia akicheka, "watakaolitoa watajua nililifunga mimi."

Kisha likaja gari la Mwalimu Anastazia. Alikuwa amestaafu ualimu, anaishi Kahororo, na kila Jumamosi aliendesha kwenda Kamachumu kumwona dada yake ambaye alikuwa hawezi tena kutoka kitandani. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, la zamani, la kabureta, na aliliendesha akiwa amekaa wima kama yuko mbele ya darasa. Tatizo lake lilikuwa hili: likitoka Bukoba lilikwenda vizuri, likapita Kemondo vizuri, kisha mbele kidogo linaanza kupoteza nguvu. Anakanyaga mafuta, gari halijibu. Linakohoa, linazima. Akikaa pembeni ya barabara nusu saa linawaka kama vile halijafanya lolote, linakwenda mwendo uleule, linazima tena. Alifika kwa dada yake mchana badala ya asubuhi, na siku moja hakufika kabisa.

Deo alibadilisha plagi. Jumamosi lilizima. Akabadilisha koili na kontakti. Lilizima. Akabadilisha pampu ya mafuta, akasafisha kabureta, akaweka madoa yake mekundu. Lilizima palepale, baada ya Kemondo. Mwishowe alimwambia Mwalimu, kwa ile sauti yake ya kumpa mtu pole, kwamba injini imechoka na lazima ishushwe. Mimi nilikuwa nimeona kitu kimoja. Kifuniko cha tangi la mafuta hakikuwa cha gari lile. Cha zamani kilipotea siku Mwalimu alipojaza mafuta, na Deo mwenyewe alimpa kingine kutoka kwenye gari bovu, kilichokaza vizuri mno. Tangi lazima liingize hewa kadiri mafuta yanavyotoka. Likizibwa kabisa, pampu inavuta na tangi linavuta, mpaka mafuta yanakataa kwenda. Ukikaa nusu saa, hewa inajipenyeza kidogokidogo, gari linawaka. Nilimwambia Deo. Alinitazama, akatabasamu. "Mdogo wangu, gari si ng'ombe, halipumui kwa nyuma." Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba Mwalimu nimsindikize. Tulipita Kemondo, na mara tu barabara ilipoanza kupanda nikasikia injini ikianza kuishiwa. Likazima. Mwalimu akakunja mikono juu ya usukani. Nilishuka, nikafungua kifuniko cha tangi, na tangi likavuta hewa kwa mlio mrefu ambao hata yeye aliusikia akiwa ndani. "Washa, Mwalimu," nikamwambia. Likawaka mara moja. Niliziba mdomo wa tangi kwa kitambaa nilichokifunga kwa kamba, tukapanda mpaka Kamachumu bila kusimama. Dada yake alikuwa na chumba chenye dirisha moja linalotazama mibuni. Mwalimu alinishika mkono mbele yake akasema, "Huyu ndiye amenileta." Tulikula ndizi zilizopikwa na samaki mkavu, na nikaona mgonjwa akiniangalia kama mtu muhimu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilirudi Bukoba nikidhani dunia imenielewa.

Jumatatu nilisimulia gerejini, mbele ya wote, na nilisimulia vizuri. Niliiga hata mlio wa tangi. Mafundi walimcheka Deo mpaka mmoja akamwaga chai yake. Deo alicheka pia. Alinipa mkono, akasema, "Hongera, mdogo wangu, umetuaibisha." Kisha akasema kwamba, kwa kuwa gari limeletwa litafutiwe kifuniko kingine, afadhali amalizie kazi, aifungue kabureta tena aitazame mpaka ndani. Niliona haja yake. Alitaka kurudisha heshima yake kwenye gari lile. Aliifungua yote, hata kile kibamba cha duara kinachofungua na kufunga njia ya hewa, ambacho hushikwa na skrubu mbili ndogo za shaba. Fundi akizirudisha skrubu zile lazima azigonge ncha ili zisijifungue, kwa sababu chini yake hakuna kitu isipokuwa injini. Nilikuwa napangusa plagi, hatua mbili kutoka kwake. Alikuwa anazungumza. Alizirudisha, akazipaka rangi yake nyekundu, hakuzigonga. Nilidhani atazigonga baadaye. Hilo ndilo kosa langu katika jambo lile, kunyamaza, na nimelikubali zamani.

Siku mbili baadaye Mwalimu alirudi akivutwa na lori. Injini ilikuwa inagonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Deo aliizungusha kwa mkono, akasikiliza, na nikaona uso wake ukibadilika kwa muda mfupi sana, halafu ukarudi ulivyokuwa. Alijipangusa mikono polepole. Mwenye gereji alitoka ofisini. Mwalimu alisimama na mkoba wake ukiwa umebanwa kwapani.

"Mwalimu," Deo alisema, "nakuomba radhi. Nilimwachia binti afunge kabureta. Alifanya vizuri kwenye tangi, nikamwamini. Kosa langu ni kumwamini haraka."

Msikilizeni tena, kwa sababu mimi nimemsikiliza maisha yangu yote. Alinitupia lawama kwa kuomba radhi.

"Sikuigusa," nilisema. "Aliifunga yeye. Sote tulikuwepo."

Niliwatazama wale mafundi watano. Mmoja alikuwa anatafuta spana chini ya meza. Mwingine alikuwa anaangalia barabarani. Mwalimu Anastazia, ambaye nilimfikisha Kamachumu, alinitazama kwa yale macho ya mwalimu anayemkuta mtoto mzuri na kosa. "Ungesema tu hujui, mwanangu," aliniambia. "Kutojua si dhambi." Mwenye gereji akaniambia nivue ovaroli. Nilivua palepale, nikabaki na gauni langu la maua, nikapita Miembeni mchana mikono ikiwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Sikulia. Nilikuwa nataja majina yao kimoyomoyo kwa kila hatua, na la Deo nililitaja mara mbili.

Kwa wiki tatu nilitafuta kazi Bukoba, na kila gereji ilikuwa imeshapata habari zangu. Aliyenichukua alikuwa Mzee Shabani wa Muleba. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, yeye mwenyewe alizungumza Kihaya kama mtu aliyezaliwa kwenye mgomba. Alikuwa na karakana ndogo iliyopakana na mashine ya kusaga nafaka, na macho yake yalikuwa yanaanza kuingia ukungu. Hakuniuliza nini kilitokea. Alinipa kabureta iliyochafuka, akaniambia niifunge, kisha akapapasa kila skrubu kwa kidole gumba. "Utakaa uani kwetu," akasema. Mkewe, Bi. Zainabu, alinionyesha chumba chenye sakafu ya udongo uliosuguliwa, taa ya chemli na godoro la sponji ya njano juu ya kitanda cha kamba. Asubuhi alinipa chai ya maziwa na mihogo. Nilikuwa napaswa kushukuru, na nilishukuru, lakini nilikula kila kitu nikiwa namfikiria Deo. Nilipiga mswaki nikimfikiria. Ukimchukia mtu kiasi kile anakuwa kama mgeni uliyempangisha kichwani, anaamka kabla yako.

Mwalimu alikuwa amekataa kuliuza gari. Lilivutwa hadi Kamachumu, likawekwa chini ya paa la nyasi kwenye kibanja cha dada yake. Niliposikia, nilimwomba Mzee Shabani twende kulifungua. Mwalimu alitukuta pale tukiwa tumeshafika, akajibu salamu yangu kwa ubaridi, lakini Mzee alimwambia kwa ile heshima ya Kihaya, "Waitu, tunaomba kutazama tu," naye asingeweza kumkatalia mtu mwenye mvi. Nilitoa hedi ya injini. Katika pistoni ya tatu, juu kabisa, kulikuwa na skrubu ya shaba iliyopigwapigwa mpaka ikazama kwenye chuma kama jino. Nikafungua kabureta. Kibamba kilikuwa kinaning'inia kwa skrubu moja iliyobaki. Juu ya kichwa cha skrubu ile kulikuwa na tone la rangi nyekundu.

Mwalimu aliinama, akavaa miwani. Alitazama kwa muda mrefu. Deo alikuwa amejisifu kwake pia kuhusu ile rangi.

"Nilimwamini yeye kwa sababu alizungumza vizuri," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na wewe ulikuwa unatetemeka. Nikadhani ni hatia." Akavua miwani. "Nitakwenda Miembeni nikawaambie."

Nilimwambia asiende. Nilimwambia anipe ile pistoni tu. Mpaka leo naamini kwamba angekwenda, jambo lingeishia pale, na pengine ningerudi kwenye ovaroli yangu. Lakini sikutaka liishe kwa maneno matano ya mwalimu mstaafu na Deo akaomba radhi tena vizuri. Nilitaka aone.

Nilipigilia msumari kwenye ukuta wa karakana, ule unaotazama barabara, nikaitundika pistoni na skrubu yake. Chini yake nikabandika kipande cha boksi nilichokiandika kwa herufi kubwa: KAZI YA DEO WA MIEMBENI. Magari mengi ya Bukoba yalizima upande wetu, maana kutoka mjini mpaka kwetu ni umbali wa kutosha kuonyesha ubovu wa fundi yeyote. Kila gari lenye madoa mekundu lililonifikia, nililifungua kama mtu anayefungua barua. Na nilipata, kwa sababu Deo, pamoja na ustadi wake wote, alikuwa mvivu akishaondoka mteja. Nilipata gasketi iliyokatwa kwenye boksi la sabuni. Nilipata jeti, kile kitundu cha kupitisha mafuta, iliyotanuliwa kwa waya mpaka gari likawa linakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Nilipata plagi za aina tatu tofauti kwenye injini moja. Kila kimoja kilipata msumari wake na boksi lake. Madereva walisimama kusoma. Wanawake waliosubiri unga wao pale mashineni walisoma kwa sauti na kucheka, na wengine walipeleka habari Bukoba pamoja na unga. Msimu wa senene ulipofika, Bi. Zainabu akawa anakaanga beseni zima na jirani wakaja kukaa, ukuta wangu ulikuwa na vitu kumi na viwili na watu waliniomba niwasimulie kimoja kimoja.

Mzee Shabani aliniambia mara moja tu. Alikuwa anakunywa kahawa, amekaa kwenye tairi. "Pistoni ile ilikuwa haki yako," alisema. "Hivi vingine unakusanya tu."

"Si vya kwake, Mzee?"

"Ni vya kwake. Hata mimi ningefunguliwa magari yangu yote, ungepata ukuta."

Nilikuwa nafurahi sana. Sijawahi kufurahi vile tena, hata siku nilipofungua gereji yangu mwenyewe, hata siku ya ndoa yangu. Sisemi hivyo kwa kujivunia. Nasema kwa kuwa watu huandika kwamba kisasi ni kichungu, nami nilikionja kwa miezi saba mfululizo na kilikuwa kitamu.

Mwinjilisti Elieza alikuwa na pikapu ya zamani aliyoitumia kuzungukia nyumba za sala na kuwabebea watu kahawa yao. Alikuwa mtu wa upole, mwenye haraka daima. Deo alikuwa amemwekea pampu ya mafuta mjini, na wiki iliyofuata pikapu ikawa inakosa nguvu ikipanda. Alinijia asubuhi, Mzee akiwa amekwenda Bukoba kutafuta vipuri. Nilifungua bomba la mafuta nikakuta uchafu wa tangi unapita. Chujio lilikuwa limeoza, na karakana haikuwa na lingine. Elieza alikuwa amesimama kivulini akizungumza na watu, kila mara akitazama saa, kwa kuwa watoto wa kipaimara walikuwa wanamsubiri. Nilikwenda chumbani kwangu. Nikachukua wembe, nikakata pembe ya godoro, nikarudi nikaishindilia sponji ile pale chujio linapokaa, nikafunga. Nilijua si sawa. Nilijiambia ni kwa siku moja tu, kesho Mzee atarudi na chujio. Nikamwambia Elieza nimesafisha.

Petroli inaila sponji. Jioni ileile, jua likiwa bado lipo, pikapu ilizima katikati ya mpando. Injini ikizima breki za magari yale zinakuwa ngumu, na pikapu ilikuwa na magunia. Ilirudi nyuma, ikatoka barabarani, ikaingia kwenye migomba na kulalia ubavu. Walipomtoa Elieza mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pawili. Nilifika pale nikikimbia, na vyombo vyangu mkononi, na watu walikuwa wengi. Nikafungua kabureta mbele yao. Ndani kulikuwa na makombo ya njano, laini, kama mkate uliolowa.

"Nini hiyo?" mtu aliuliza.

Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi mara moja.

"Sponji," nikasema. "Asubuhi mimi nilisafisha bomba tu, kumbe kuna fundi ameweka sponji."

"Fundi gani?"

Sikulazimika hata kulitaja jina. Walilitaja wenyewe, wote kwa pamoja. Ukuta wangu ulikuwa umeshawafundisha. Kesho yake nilitundika makombo yale kwenye mfuko wa nailoni, msumari wa kumi na tatu, na boksi lake. Wiki ile Bi. Zainabu alianika magodoro. Jioni nilikuta langu limerudishwa kitandani, pembe iliyokatwa imezibwa kwa kitambaa na kushonwa kwa mkono, mishono midogo mizuri. Tangu siku ile aliniwekea chakula changu mezani na kuondoka, hakukaa tena nami.

Deo alikuja siku ya tano, saa sita mchana. Alishuka kwenye basi akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi. Kulikuwa na wanawake wa unga, kulikuwa na madereva wawili, na Mzee Shabani alikuwa amekaa ndani. Deo hakunisalimu. Alikwenda ukutani akaanza kusoma, kuanzia pistoni, akisogea hatua kwa hatua, mikono nyuma. Alipofika kwenye gasketi aliigusa. Alipomaliza aligeuka.

"Hizi ni zangu," alisema. "Hata ile skrubu ni yangu. Nilikuonea, Koku, na nilijua nakuonea. Nimekuja kulisema mbele ya watu."

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo karibu mwaka mzima, na ilipokuja haikunitosha.

"Lakini hii si yangu." Alikuwa ameshika ule mfuko wa nailoni. "Sijawahi kuweka sponji kwenye gari la mtu. Mwenye gereji ameshanifukuza kwa ajili ya hii. Watu wa Elieza wamekuja nyumbani kwangu na fimbo. Kila nilichofunga kina rangi yangu, wewe unajua kuliko mtu yeyote. Hii haina."

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatetemeka, na niliyajua yale macho, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo mimi nikiwatazama wale mafundi watano. Aliona kwamba naujua ukweli. Alikuwa ananiomba.

"Siku hiyo rangi ilikuishia," nikasema.

Wanawake wakaangua kicheko. Madereva pia. Lilikuwa jibu zuri, na lilifika Bukoba kabla ya basi lake. Deo aliurudisha mfuko msumarini taratibu, akavuka barabara, akasimama upande wa pili akisubiri usafiri, na watu wakaendelea kucheka mpaka alipoondoka. Mzee Shabani hakutoka ndani. Deo hakupata tena kazi ya gari mjini. Alikwenda Kemondo akawa anafunga injini za mitumbwi, miaka mingi, na walionieleza walisema alifanya kazi nzuri na hakupaka rangi.

Juzi, baada ya kuzika, tulikaa Nshambya chini ya turubai tukipewa chakula. Mafundi wa zamani wa Miembeni, wawili waliobaki, walikuwa meza moja nami. Walinikaribisha kwa heshima, maana sasa mimi ni mama mwenye gereji na vijana wananiamkia. Wakaanza kumkumbuka Deo, na kumbe walichokumbuka ni sponji. Yule fundi wa sponji. Wakasimulia jibu langu la rangi, wakacheka wakijizuia kwa ajili ya msiba. Nilisubiri waitaje skrubu. Hawakuitaja. Walikuwa wameisahau, au walikumbuka kwamba siku ile wao wenyewe walinyamaza. Nikapandwa na hasira ileile, mpya kabisa. Nilitaka wamkumbuke kwa alichonifanyia mimi, na nikaona kwamba uongo wangu ulikuwa umekifunika.

"Sponji haikuwa yake," nilisema. "Niliiweka mimi. Yake ni skrubu."

Mkubwa wao akaniwekea mkono begani. "Umefanya vizuri, mama," akasema. "Marehemu husitiriwa." Na mwenzake akaitikia kwa kichwa.

Nilisema tena kwamba ni kweli, nikawaeleza godoro, wembe, pembe. Walinitazama kwa upole tu, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Lakini nyuma yao mjane wa Deo alikuwa amesimama na beseni la sahani. Alikuwa mwanamke mrefu, kichwa kimefungwa kanga. Aliweka beseni chini.

"Sema tena," aliniambia.

Nikasema tena.

Akageuka kuelekea nyumbani akaita majina matatu, na watu wazima watatu wakaja, wawili wa kiume na mmoja wa kike, wote wembamba kama baba yao. Akawapanga mbele yangu. "Hawa walipigwa shuleni kwa ajili ya sponji," alisema. "Waambie."

Nilisimama, nikawaeleza tangu mwanzo, na safari hii skrubu sikuitaja. Hakuna aliyeniambia pole wala asante. Nilipomaliza yule wa kike, mkubwa wao, alichukua sahani yangu iliyokuwa na chakula bado, akaiweka juu ya zile chafu.

"Umeshakula kwetu," alisema. "Sasa nenda."